Maharage, jongoo na dagaa: mwongozo wa kujifunza mageuko na idadi ya viumbe ukiwa Kigoma

Kila mwaka napokea wanafunzi wa namna moja kwenye banda langu la tyusheni hapa Ujiji. Wapo wa kidato cha tatu na cha nne, na wapo watu wazima wanaorudia mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Kukariri wamekwisha kukariri. Mwulize mmoja wao uteuzi asilia ni nini, atakumiminia sentensi tatu bila kumeza mate. Halafu mwulize inakuwaje mbu wanatua kwenye chandarua chenye dawa na wasife kama zamani. Atakujibu neno moja: "Wamezoea."

Neno hilo nimelipiga vita miaka mingi, na mwongozo huu ni sehemu ya vita hiyo. Mbu mmoja hazoei dawa na kuwarithisha wanawe mazoea. Kinachobadilika ni kundi la mbu, kizazi hadi kizazi, na kundi huwezi kulielewa kwa kulitazama kwa macho tu. Lazima uhesabu. Ndiyo maana kazi nyingi hapa chini ni za kuhesabu, na hazidai maabara.

Tafuta vitu hivi: robo tatu ya kilo ya maharage mekundu na kiasi hichohicho cha maharage meupe yanayolingana nayo kwa ukubwa, maka peni ya wino usiofutika, kichupa cha rangi ya kucha, tochi, ndoo yenye mfuniko, daftari, na mizani ya kuazima dukani. Tenga Jumamosi tatu au nne.

Hatua ya 1: Uliza swali linaloweza kushindwa

Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi, mitumbwi ikiwa imeshashusha. Dagaa wanaanikwa kwa namna mbili: wengine wametandazwa mchangani, wengine wako juu ya vichanja vya wavu. Mwanafunzi wangu mmoja alimwendea mama aliyekuwa akigeuza dagaa wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Eti wa kichanjani na wa mchangani, wepi bora?"

"Wa kichanjani bora, kila mtu anajua."

Mama hakukosea, ila "bora" haipimiki. Bora kwa ladha? Kwa bei? Kwa kutokuwa na mchanga menoni? Ligeuze jibu lake liwe kauli inayoweza kukataliwa: dagaa walioanikwa kichanjani hupoteza maji haraka kuliko waliotandazwa mchangani. Hiyo sasa ni nadharia tete. Dagaa wa mchangani wakitangulia kukauka, umeshindwa, na kushindwa huko ni matokeo halali. Linganisha na anayesema samaki wamepungua kwa sababu ziwa limekasirika. Wakiongezeka kesho atasema limetulia. Hakuna matokeo yanayoweza kumkatalia, kwa hiyo hakuna cha kujaribu.

Jaribio lenyewe liende hivi. Nunua dagaa wabichi wa usiku mmoja kutoka beseni moja. Pima mafungu sita, kila moja gramu 200. Rusha sarafu kuamua fungu lipi liende wapi, usichague kwa jicho, maana jicho lina upendeleo. Matatu yaende kichanjani, matatu mchangani, yote juani kwa saa zilezile, yakiwa yametandazwa kwa unene uleule. Pima uzito kila baada ya saa moja. Unachokibadilisha kwa makusudi, yaani mahali pa kuanika, ndicho kigeu huru. Unachokipima, yaani uzito, ni kigeu tegemezi. Vingine vyote unavibana visibadilike. Mafungu ni matatu kila upande kwa sababu fungu moja linaweza kubahatika kuwa na dagaa wadogo watupu na likakudanganya.

Mara ya kwanza mimi mwenyewe niliharibu. Dagaa wa mchangani walionekana kama hawakauki kabisa, nikaanza kuwafafanulia wanafunzi habari ya unyevu wa ardhini kwa kujiamini kweli. Binti mmoja akachukua dagaa mmoja, akamkung'uta juu ya kiganja. Mchanga! Tulikuwa tunapima samaki pamoja na ufuko. Siku hizi natandika kipande cha chandarua kikuukuu chini ya dagaa wa mchangani, na kipande cha aina hiyohiyo kwa wa kichanjani pia, ili tofauti ibaki moja tu.

Usiandike kwamba jaribio "limethibitisha". Andika kwamba matokeo yanaiunga mkono nadharia tete, au yanaikataa. Kukataa kuna nguvu kuliko kuunga mkono, na mfano wake hauko mbali na hapa. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika msitu wa Gombe Julai 1960. Wakati ule wasomi walishikilia kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Kabla mwaka ule haujaisha alimwona sokwe dume, aliyempa jina la David Greybeard, akichomeka ujiti kwenye kichuguu ili atoe mchwa wa kula. Sokwe walikuwa pia wakipukuchua majani ya kijiti kabla ya kukitumia. Kauli yenye "peke yake" huangushwa na kiumbe mmoja, huhitaji mia.

Na neno "nadharia" liwekwe sawa mapema. Mtaani likimaanisha kukisia, sawa. Katika sayansi ni maelezo yaliyopita kwenye majaribio mengi yakabaki yamesimama. Anayesema mageuko "ni nadharia tu" anatumia neno la mtaani darasani.

Hatua ya 2: Hesabu wasiohesabika

Huwezi kuwapanga dagaa wa Ziwa Tanganyika mstari. Wala jongoo wa shamba moja la migomba. Wanaikolojia, yaani wanaochunguza viumbe na mazingira yao, hutumia ujanja wa kukamata, kutia alama, kuachia na kukamata tena. Anza na maharage, kwa sababu maharage yatakuruhusu ujisahihishe.

Mimina maharage mekundu ndooni. Toa 100, yatie nukta ya maka peni, acha yakauke, rudisha. Funika, tikisa sana. Sasa chota 120 bila kuangalia, uhesabu yenye nukta. Tuseme ni 12. Yaani katika mchoto wako sehemu moja ya kumi ina alama. Kama mchoto unafanana na ndoo nzima, basi yale 100 uliyoyatia alama ni sehemu ya kumi ya yote: 100 mara 120, gawa kwa 12, ni 1,000. Kisha keti uyahesabu yote moja moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini usiiruke. Kuona kadirio lako limekaribia idadi halisi, au limepotea kwa kiasi gani, ndiko kutakufanya uiamini kanuni au uitilie shaka panapostahili.

Sasa jongoo. Mvua za Novemba zikianza hujitokeza wengi, na hawakimbii. Chagua kieneo chenye mipaka, kwa mfano nyuma ya banda hadi kwenye ua. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, jongoo akiudhika hutoa majimaji yanayowasha ngozi na yakiingia jichoni ni balaa. Usiku wa kwanza okota 40, kila mmoja tia tone dogo la rangi ya kucha mgongoni, ikauke, waachie palepale ulipowaokota. Baada ya siku mbili rudi na tochi. Tuseme umepata 50, na 10 kati yao wana rangi: 40 mara 50 gawa kwa 10, ni 200.

Tulipoanza tulitumia chaki. Ilinyesha usiku kucha. Tuliporudi hatukupata hata jongoo mmoja mwenye alama, na kijana mmoja akajaribu kwa uaminifu wote kugawa kwa sifuri, simu ikamwandikia kosa. Tulicheka, ila somo liko palepale kwenye hesabu: chukua ule mfano wa 200, jifanye alama za jongoo watano kati ya wale kumi zimefutika. Utagawa kwa 5 badala ya 10, upate 400. Alama zikifutika, kadirio hupanda. Jiulize vilevile: je, waliotiwa alama wamehama? Wamekufa kwa sababu ya rangi yako? Wamechanganyika na wenzao, au ulirudi kuokota penye jiwe lilelile ulipowaachia? Kila jibu linasukuma namba juu au chini, na mtahini anapenda kuona unajua inasukumwa upande gani.

Utashawishika kutumia konokono wa kando ya ziwa. Waache. Baadhi ya konokono wa majini hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea huingia kwa kupenya ngozi ikiwa ndani ya maji. Jongoo wanatosha.

Hatua ya 3: Idadi inavyokua na inavyogota

Kundi huongezeka kwa kuzaliwa na kuhamia, hupungua kwa kufa na kuhama. Hayo unayajua. Kinachowasumbua wengi ni umbo la ukuaji.

Chukua bwawa la perege lenye uwezo wa kubeba samaki 1,000, yaani chakula, hewa na nafasi vinatosha idadi hiyo. Tuseme kasi ya kuongezeka, pasipo msongamano, ni nusu kwa msimu. Nyongeza ya msimu ni 0.5 mara idadi iliyopo, mara sehemu ya nafasi iliyobaki. Wakiwa 100, nafasi iliyobaki ni 0.9, kwa hiyo nyongeza ni 45. Wakiwa 500 nafasi ni nusu, nyongeza ni 125. Wakiwa 900 nafasi ni 0.1, nyongeza inarudi kuwa 45.

Tazama tena namba hizo. Bwawa linazalisha zaidi likiwa nusu, si likijaa, wala si likiwa karibu tupu. Bwawani mkiwa na samaki 500 mnaweza kuvua 125 kila msimu na msimu ujao mkawakuta 500. Wakiwa 100, mkivua hao hao 125... hawapo. Hata mkivua 60 tu, mnakula mtaji. Hii ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote katika sura ya idadi ya viumbe, na ajabu yake wanafunzi huchora mkunjo wa herufi S wa ukuaji huo (polepole, haraka, kisha kugota) vizuri sana bila kuiona.

Viumbe pia hawalingani kasi. Dagaa hukomaa ndani ya miezi, hutaga mayai mengi mno, na maisha yake ni mafupi. Sokwe jike wa Gombe huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 13 hivi au zaidi, mtoto mmoja, na huchukua kama miaka mitano kabla ya kuzaa mwingine. Dagaa wakivuliwa sana mwaka mmoja wana njia ya kurudi wakipumzishwa. Sokwe wachache wakiuawa au kufa kwa ugonjwa, pengo lao linakaa muda mrefu sana.

Hatua ya 4: Cheza uteuzi asilia

Hapa ndipo lile neno "wamezoea" linapokufa. Pima eneo la mita mbili kwa mbili kwenye udongo mwekundu, na udongo huo Kigoma hatujapungukiwa. Tawanya maharage mekundu 50 na meupe 50. Usitumie mahindi kwa weupe: "ndege" watachagua ukubwa badala ya rangi, na utakuwa umerudi kwenye kosa la mchanga na dagaa. Ndege wenyewe ni watoto. Waambie waokote harakaharaka, punje moja moja, huku wewe ukihesabu, na uwasimamishe zikifika 50.

Hesabu zilizobaki. Tuseme ni 32 nyekundu na 18 nyeupe. Kila iliyobaki "inazaa" moja ya rangi yake, kwa hiyo kizazi cha pili ni 64 na 36. Tawanya tena, waokote tena 50. Zikibaki 43 na 7, kizazi cha tatu kinaanza na 86 na 14.

Sasa simamisha mchezo, uulize: punje ipi imebadilika rangi? Watoto huziangalia kweli, wengine hupiga magoti. Hakuna. Hakuna hata moja iliyojitahidi kuwa nyekundu, hakuna iliyozoea udongo. Kundi limebadilika, punje zimebaki vile zilivyozaliwa. Hiyo tofauti ikikaa kichwani, nusu ya sura umeimaliza.

Rudia mchezo kwa mageuzi mawili. Kwanza, uhamishie kwenye mchanga mweupe wa ufukweni: mara hii nyeupe ndizo zitakazopona, kwa hiyo "kiumbe bora" hana maana mpaka useme bora wapi. Pili, rudi kwenye udongo mwekundu, lakini baada ya kila mzunguko usiongeze punje za rangi ileile ya zilizobaki. Tupa zilizobaki zote, chota kizazi kipya cha punje 100 kutoka mfuko uliochanganywa nusu kwa nusu. Ndege wanakula zilezile nyeupe, ila kila kizazi kinaanza tena karibu na 50 kwa 50. Sifa isiyorithiwa haileti mageuko, hata kifo kikichagua namna gani.

Kwa hiyo vinatakiwa vitu vitatu pamoja: viumbe watofautiane, tofauti irithiwe, na wenye tofauti fulani waache watoto wengi kuliko wenzao. Charles Darwin alilieleza hilo kwa kirefu mwaka 1859, mwaka mmoja baada ya hoja yake na ya Alfred Russel Wallace kusomwa pamoja London.

Hatua ya 5: Tafsiri upya unayoyasikia

Wakubwa wanakumbuka klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwaka 2006 ikaingia dawa ya mseto, yaani dawa mbili za namna tofauti zinazomezwa pamoja. Mtaani ilisemwa malaria imezoea klorokwini. Sema hivi: kati ya vimelea walikuwepo wachache wenye mabadiliko ya jeni yaliyowawezesha kustahimili dawa. Dawa iliua wengine, hao wakabaki na kuzaliana, mpaka wakawa wengi. Ni maharage yetu yaleyale, dawa ikiwa ndege. Na mseto una maana yake: kimelea kinachoponyoka dawa ya kwanza kina nafasi ndogo sana ya kuponyoka na ya pili pia.

"Binadamu ametokana na sokwe" nayo irekebishwe, na Kiswahili kina neno tayari. Sokwe si babu yetu, ni binamu. Tulikuwa na wahenga wamoja, walioishi miaka milioni sita au saba hivi iliyopita, na kila ukoo ukaenda njia yake.

Kuhusu spishi mpya zinavyotokea, tumia ziwa. Tanganyika lina umri unaokadiriwa kati ya miaka milioni 9 na 12, kina chake kinafika mita 1,470, na lina spishi zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya perege na kuhe, karibu zote hazipatikani kwingineko duniani. Nyingi ni samaki wadogo wa mawe. Anayeishi kwenye mawe ya rasi moja haogelei hovyo kuvuka kilomita za mchanga mtupu kwenda kuoa rasi ya pili. Makundi yakitengana vizazi vingi, kila moja hukusanya tofauti zake, rangi zikiwa za kwanza kuonekana.

Yuko mmoja ninayempenda kupita kiasi, Perissodus microlepis, anayeishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wenzake. Mdomo wake umepinda upande. Waliopinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, waliopinda kushoto ubavu wa kulia. Mwaka 1993 mtafiti Michio Hori alichapisha uchunguzi wake wa miaka mingi ziwani: idadi ya aina hizo mbili hupanda na kushuka kwa zamu, ikizungukazunguka nusu kwa nusu. Waliopinda kulia wakizidi, windo hulinda zaidi ubavu wa kushoto, na waliopinda kushoto hushiba. Wakizidi hao, mambo hugeuka. Mwanafunzi anayedhani mageuko ni ngazi ya kupanda kuelekea ukamilifu, mpe samaki huyu.

Hatua ya 6: Jipime kwa swali la nyumbani

Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi upande wetu wa ziwa ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Mtu akikwambia, "Walipofungua, siku ya kwanza mitumbwi ilijaa, kwa hiyo kufunga kunasaidia," mjibu kwa ukurasa mmoja wa daftari. Usimpinge wala usimwunge mkono, orodhesha kinachohitajika ili tujue.

Mitumbwi mingapi ilitoka, na kwa saa ngapi? Kilo ugawe kwa mtumbwi kwa usiku, usitaje jumla. Mwezi ulikuwaje, maana dagaa huvuliwa kwa taa na mbalamwezi hupunguza mavuno? Miezi hiyo ndiyo ya upepo wa kusi, unaokoroga maji na kupandisha rutuba kutoka chini, hasa kusini mwa ziwa. Utatenganishaje kazi ya upepo na kazi ya kufunga? Waliojaa siku ya kwanza ni samaki waliozaliwa miezi ile, au ni wale ambao wangevuliwa Mei na Juni wakawa wamerundikana? Pima urefu wa dagaa 100 upate fununu. Na ipo miaka mingapi ya kulinganisha kabla na baada? Kisha rudi kwenye hesabu ya bwawa, useme kama kundi lililo chini sana linahitaji miezi mitatu tu au zaidi, ukionyesha namba ulizodhania.

Ukimaliza, jongoo waache walipo, rangi itatoka yenyewe. Nawa mikono kwa sabuni. Maharage yenye wino msiyapike, hata kama watoto wameyasafisha wakaapa hayana kitu. Yatie kwenye kopo, andika juu "ya darasa", na uliweke mbali na jiko.